Jimbo linajuaje moto wa porini umeanza, na mbona nyumba bado zinaungua?

BintiPwani

Wakuu habari za mida. Naomba mnisaidie kitu maana nimesoma mpaka kichwa kinauma. Tulihamia California huku vilimani chini ya Sierra Nevada, nyumba iko pembezoni kabisa mwa msitu, misonobari mpaka dirishani, mandhari mazuri mno ila ikifika kiangazi roho juu juu. Nina ile ramani ya NASA kwenye simu yenye vidoti vyekundu, nina na apu ya Watch Duty ya kutoa taarifa za moto, halafu tumeletewa barua kwamba tuko eneo la hatari ya juu sana na tusafishe futi 100 kuzunguka nyumba. Mume wangu ananiambia tulia, jimbo tajiri kama hili lina ndege, lina kamera, lina satelaiti, moto ukianza wataanza kuuona wao. Mimi namuuliza kama wanauona hivyo mbona mji wa Paradise uliteketea 2018 wakafa watu 85, na mbona Los Angeles iliungua Januari 2025?

Sasa nauliza. Nani hasa anaufuatilia moto huku, ni jimbo, serikali kuu au kaunti? Vile vidoti niviamini kiasi gani, maana juzi kimoja kilitokea karibu na kwetu nikaanza kutupa mabegi garini kumbe hamna kitu. Na hiyo ya kuzuia moto usitokee kabisa, jimbo linafanya nini zaidi ya kutuandikia barua? Karibuni.

FundiRamani

Dada Binti salama. Mi kazi yangu ni ramani na data za satelaiti kwa hiyo ngoja nianze na vidoti maana ndo vinawapeleka watu mbio.

Satelaiti haikuonyeshi mahali moto ulipo, inakuonyesha katikati ya kipande cha ardhi ambacho kwa ujumla wake kina joto kuzidi vipande vya jirani. Zile zenye kifaa cha VIIRS kipande kina upana wa mita 375 hivi, zenye kifaa cha MODIS ambazo ni za siku nyingi (Terra ilirushwa 1999, Aqua 2002) kipande ni kilomita nzima. Kwa hiyo kidoti kinaweza kukaa juu ya paa lako na moto wenyewe uko ng'ambo ya korongo, au ni kinyume chake, ukaona kidoti kiko mbali ukalala kumbe makali ya moto yameshavuka. Na si kila joto ni moto wa porini, kuna viwanda, kuna sehemu wanachoma gesi ya ziada, hata shamba kubwa la paneli za sola jua likilipiga vibaya linaweza kuwasha kidoti. Halafu hizi satelaiti hazikai juu yako, kila moja inakupitia kama mara mbili kwa siku, mchana mara moja na usiku mara moja, moto ukianza ikiwa ndo imepita hapo utakula masaa haujaonekana. Wingu zito nalo likikaa katikati basi tena.

Zipo zile za GOES, hizo zimetulia juu ya ikweta umbali wa kilomita kama 36,000, zinaiangalia Marekani muda wote, picha mpya kila dakika 5 na wakitaka eneo dogo wanapata hata kila dakika moja. Tatizo kwa umbali ule jicho lake la joto linaona kwa vipande vya kilomita 2, moto mdogo wa nyasi unapita bila kumshtua. Yaani anayeona vizuri hayupo muda wote, na aliyepo muda wote haoni vizuri. Kwa hiyo kidoti kimoja peke yake, kimetokea satelaiti ikipita mara moja halafu ikipita tena hakipo, usikikimbie, fungua kamera kwanza.

Na kamera ndo silaha kubwa ya California kwa sasa. Kuna mradi unaitwa ALERTCalifornia wa Chuo Kikuu cha California San Diego, una kamera zaidi ya 1,000 juu ya vilele na minara, mchana kukiwa kweupe inaona mpaka maili 60, usiku mpaka 120, na wewe mwenyewe unaweza kuzifungua kwenye kompyuta yako bure ukaangalia kilima chako. Tangu 2023 wameweka akili mnemba inapitia hizo picha inatafuta kitu kinachofanana na moshi, ikihisi inamshtua mtu wa zamu wa CAL FIRE, yaani zimamoto ya jimbo, huyo ndo anaamua kama ni moshi kweli au ni vumbi la trekta au ukungu. Mwaka huohuo 2023 kuna moto ulianza saa 9 usiku msitu wa Cleveland mashariki ya San Diego, saa hizo nani yuko macho apige 911, kamera ikauona, zimamoto wakaenda wakaumaliza ukiwa bado mdogo. Hujawahi kuusikia, na hutousikia, kwa sababu moto mdogo sio habari. CAL FIRE lengo lao asilimia 95 ya mioto isivuke ekari 10, kwa hiyo mwaka mzima wanazima mioto kibao ambayo haipati hata mstari kwenye taarifa, tunajua majina ya ile michache iliyowashinda tu.

Nani anahusika, inategemea ardhi ni ya nani. Misitu ya taifa ni serikali kuu, U.S. Forest Service na wenzao. Ardhi za watu na za jimbo huko nje ya miji, California ni kama ekari milioni 31, hizo ni za CAL FIRE, nahisi na wewe uko humo. Mjini ni zimamoto ya mji au ya kaunti. Moto ukizidi wanaazimana watu na magari, na kitaifa kuna kituo Boise kule Idaho kinagawa vikosi na ndege nchi nzima, wana ngazi 1 mpaka 5, ukisikia 5 ujue karibu kila mtu yuko kazini na kuna majimbo yako kwenye foleni yanasubiri. Ila amri ya kuhama mara nyingi haitoki kwa watu wa moto, inatoka kwa sherifu wa kaunti. Hilo dada shika kabisa, kwa sababu apu nzuri kiasi gani haiwezi kukupa amri ambayo sherifu hajaitoa.

MzeeWaJembe

Kijana wa ramani umeeleza vizuri. Mimi nilikuwa upande wa chini, kikosi cha zimamoto wanaotumia zana za mikono, msimu baada ya msimu, kwa hiyo niseme yale ambayo kamera haiyaoni.

Watu wakisikia moto umezingirwa asilimia 60 wanadhani asilimia 60 imezimwa. Ile namba inahesabu mzunguko, ni sehemu gani ya ukingo wa moto ina mstari ambao tuna imani hautavukwa. Mstari wenyewe ni kazi ya mgongo, mnapanga foleni, wa mbele wana misumeno wanakata vichaka, nyuma tunafuata na Pulaski, upande mmoja shoka upande mwingine jembe, mnakwangua majani na mizizi mpaka udongo mtupu. Ndani ya huo mstari moto unaweza kuwa bado unakula vizuri tu.

Na ukishapoa kwa macho ndo kazi ya kuchosha inaanza. Unavua glavu, unapitisha mgongo wa mkono juu ya jivu, taratibu, kisiki kwa kisiki, unasikiliza joto. Mgongo wa mkono maana ngozi yake inahisi upesi na ukiungua kiganja chako bado kinashika jembe. Mzizi unaweza kuweka moto chini ya ardhi siku nyingi bila hata moshi, unatembea na mzizi, unatokea mbele ya mstari wenu upepo ukija. Ule wa Palisades, mmoja wa mioto ya Los Angeles ya 2025 uliyoitaja, wapelelezi wa serikali kuu wamesema ule wa Januari 7 ulitoka kwenye moto mdogo wa Januari 1 ambao ulishazimwa, ukabaki kwenye mizizi, upepo mkali ukaufufua. Kesi ilifikishwa mahakamani 2025 kwa hiyo siendi zaidi, ila kwa mtu aliyewahi kupapasa jivu hiyo wala si hadithi ya ajabu.

Kuhusu kuzuia. Mioto mingi sana Marekani inaanzishwa na watu, utafiti uliopitia rekodi za 1992 mpaka 2012 ulikuta asilimia 84. Radi ni sehemu ndogo, ingawa radi ikiamua inaamua kweli, Agosti 2020 California ilipigwa radi kavu siku chache tu ukatoka moto ulioitwa August Complex, huo peke yake zaidi ya ekari milioni 1. Lakini hao watu usiwafikirie wahalifu na viberiti. Moto wa Carr kule Redding 2018 ni tela lilipasuka tairi, rimu ikasugua lami, cheche zikaruka kwenye nyasi kavu za pembeni, zikaenda zaidi ya ekari 229,000. El Dorado 2020 ni familia wanatangaza jinsia ya mtoto na bomu la moshi. Paradise ni ndoano ya chuma kwenye mnara wa umeme, njia ya umeme imejengwa kwenye miaka ya 1920, ndoano imelika miaka na miaka mpaka ikakatika, waya ukaanguka, na kampuni PG&E ilikiri makosa 84 ya kuua bila kukusudia mahakamani 2020. Ulianza kama saa 12 na nusu asubuhi, saa 2 moto ulishaingia mjini. Hapo niambie satelaiti ingefanya nini.

Ndo maana siku hizi California upepo ukitabiriwa mkali na hewa kavu wanakata umeme makusudi, watu wanatukana, friji zinaoza, wenye mashine za kupumulia wanateseka kweli. Mimi bado nasema wakate.

Milima_CO

Nimesoma yote juu na nakubaliana lakini mzee amegusa penyewe, tunashangilia sana macho. Niko Colorado. Jimbo letu tangu 2014 lina ndege mbili zenye kamera za joto, kazi yake ni kuzunguka baada ya mvua za radi kutafuta mti mmoja unaofuka na kupiga ramani ya moto mkubwa usiku, nzuri sana, nazisifia. Sasa njoo Disemba 30, 2021, moto wa Marshall pale Louisville na Superior karibu na Boulder. DISEMBA, sio kiangazi, na wala sio msitu, ni nyasi na mitaa ya watu, upepo unavuma zaidi ya maili 100 kwa saa, ndege za kumwaga maji haziwezi kabisa kufanya kazi, nyumba zaidi ya 1,000 zimeondoka ndani ya masaa. Kila mtu aliuona ule moto. Ulionekana kutoka barabara kuu. Hakuna aliyekosa taarifa kwamba kuna moto, kilichokosekana ni muda, na kilichowamaliza ni fensi za mbao zimeunganishwa nyumba kwa nyumba, moto unapanda fensi unatembea nayo mpaka ukutani.

Halafu kuona ni kitu kimoja, kumwambia mtu ni kingine. Mji wa Lahaina uliteketea Agosti 2023, na Hawaii ina ving'ora vya kutosha jimbo zima, havikulia. Wakafa zaidi ya watu 100. Moto wa Eaton kule Altadena, karibu na Los Angeles, Januari 2025, mashariki ya mji waliambiwa wahame mapema jioni, upande wa magharibi amri ilifika masaa mengi baadaye usiku wa manane kupita na karibu vifo vyote vimetokea huko magharibi. Kamera zilikuwepo, satelaiti zilikuwepo, kila kitu kilikuwepo. Kwa hiyo Dada Binti mume wako yuko sawa kabisa kwamba wataanza kuuona wao, swali ni kuanzia pale walipouona mpaka simu yako iite ni dakika ngapi, na hilo jimbo haliwezi kukujibu kwa sababu ni kaunti yako, na kaunti moja na nyingine ni mbingu na ardhi.

BintiPwani

Mzee Jembe shikamoo, na wengine asanteni sana, nimejifunza kwa siku moja kuliko msimu mzima wa kusoma barua zao. Ile ya mgongo wa mkono imenikaa.

Nina mengine mawili. Kuna majirani huku wanachoma vichaka makusudi majira ya baridi, na jimbo linawashabikia, eti kuchoma ndo kuzuia moto. Naelewa kinadharia ila jamani si ndo kualika balaa lenyewe? La pili, bima yetu imegoma kutuhuisha mkataba, na jirani wa upande wa chini ana kichaka kimegusana na kwetu hataki kukata anasema ni kivuli chake. Huyo unamfanyaje?

DadaTallahassee

Hapo kwenye kuchoma nipisheni, niko Florida na hii ndo ugali wetu wa kila siku.

Florida inachoma kwa makusudi zaidi ya ekari milioni 2 kwa mwaka. Watu wa magharibi hawaamini ukiwaambia. Huku msitu wa misonobari usipochomwa kila baada ya miaka michache chini kunajaa michikichi midogo na vichaka vya mafuta mafuta, ikipigwa radi mwezi wa sita inapanda juu kama imemwagiwa petroli. 1998 tulionja, kaunti ya Flagler ikaambiwa ihame YOTE, kaunti nzima. Lakini sheria yetu ilishakuwepo tangu 1990, inasema kuchoma kwa utaratibu ni haki ya mwenye ardhi na ni kwa faida ya umma, na mchomaji mwenye cheti akifuata masharti hashtakiwi ovyo, 1999 wakaongeza kwamba mpaka uthibitishe alizembea kupindukia. Hapo ndo siri ilipo. Sio kwamba watu wa Florida ni majasiri, ni kwamba mtu anajua hatapoteza nyumba yake kwa sababu moshi ulienda barabarani.

Na hauamki tu ukawasha. Kibali kinaombwa siku hiyohiyo au jioni ya siku iliyotangulia kwa Florida Forest Service, wanaangalia upepo, unyevu wa hewa, na hasa moshi utapanda au utalala, kama hewa ya juu imekaa vibaya wanakukatalia hata kama umeshaita watu. Mkifika shambani mnawasha kidogo pembeni kujaribu, mnasimama mnatazama moshi unaelekea wapi na miale inafanya nini, ukikataa mnazima mnarudi nyumbani. Ukikubali mnaanza upande ambao upepo unaenda, moto unarudi nyuma ukipambana na upepo, pole pole, urefu wa goti, unaacha ukanda mweusi nyuma yake, ndo baadaye unaenda upande wa pili na ile tochi ya kudondosha mafuta, dizeli iliyochanganywa na petroli, unadondosha mistari. Mara ya kwanza niliogopa, sasa hivi nasinzia.

California sheria inayofanana kidogo imekuja 2021, inamkinga mwenye cheti na pia wazee wa makabila ya wenyeji wa asili kama Karuk na Yurok ambao walikuwa wanachoma tangu enzi na enzi mpaka serikali ikawakataza. Kwa hiyo majirani zako hawajakosea dada, uliza tu kama wana kibali na nani anasimamia.

Msafiri_Oregon

Nisiwe mharibifu wa sherehe lakini mmesahau New Mexico. 2022 moto wa Hermits Peak, Forest Service wamechoma wenyewe kwa mpango, karatasi zote zipo, upepo ukabadilika ukawatoroka, na moto wa pili Calf Canyon ukatoka kwenye marundo ya matawi waliyoyachoma Januari, yakalala chini ya theluji miezi mitatu yakaamka Aprili. Ikaungana, zaidi ya ekari 341,000, mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo lile. Watu wa vijiji vya pale hawataki kusikia neno kuchoma mpaka leo na siwalaumu.

DadaTallahassee

Sijaisahau. Ila hesabu na ule upande wa pili, tangu 1935 Forest Service walikuwa na amri kila moto uwe umezimwa kufikia saa 4 asubuhi ya kesho yake, miaka arobaini hivi wanazima kila kitu, kuni zikajikusanya. Hizo kuni zitaungua tu, ni wewe kuchagua tarehe au upepo ukuchagulie.

Msafiri_Oregon

Sawa hapo sibishi, naongezea tu kwamba shida ya jimbo mara nyingi sio sayansi, ni siasa ya sayansi. Kwetu baada ya mioto ya Septemba 2020 iliyokula zaidi ya ekari milioni 1, bunge la jimbo likapitisha sheria 2021, itengenezwe ramani ya hatari kiwanja kwa kiwanja, na ukiwa eneo la hatari kubwa unabanwa na masharti ya ujenzi na usafi. Ramani ikatoka 2022. Yesu wangu. Watu wakaja juu, bei ya nyumba yangu itashuka, bima itanikimbia, nani kawaambia mnichoree nyumba yangu nyekundu, wakaiondoa ndani ya wiki chache. Wakairekebisha wakaitoa tena Januari 2025, zogo lilelile, na 2025 hiyohiyo bunge likaifuta kabisa. Ramani haikuwa mbaya kihivyo jamani, nimeiangalia. Ila jimbo lilianza kumwonyesha mtu hatari yake kabla halijamwonyesha msaada wake, na mtu wa kijijini mwenye ekari 20 na kipato cha kustaafu akisoma hiyo barua anaona faini tu. California nao 2025 wametoa ramani mpya za maeneo ya miji, kelele zipo ila hawajarudi nyuma.

FundiRamani

Msafiri niongezee kwenye hilo maana linagusa barua ya Dada Binti. Ile ramani ya California inapima mahali, mteremko, mimea, upepo wa pale, makaa yanarushwa kutoka wapi, haipimi nyumba yako. Ukikata kila kitu na ukabadilisha paa rangi kwenye ramani haibadiliki. Bima wanatumia mahesabu yao mengine. Ila tangu 2022 kuna kanuni ya jimbo inaitwa Safer from Wildfires, kampuni ya bima ikiwa inapanga bei kwa hatari ya moto inalazimika kukupa punguzo ukifanya hayo marekebisho, kwa hiyo piga picha kabla na baada, tunza risiti. Ukikosa kabisa kampuni kuna FAIR Plan, ghali na inakinga vichache, ni mlango wa mwisho.

MzeeWaJembe

Marahaba binti. Kwa jirani wako, CAL FIRE wana wakaguzi wa hayo maeneo, wanapita wanaandika kasoro na bila kuombwa hela, unaweza kuomba waje kwako na kwake kwa pamoja ionekane ni ya mtaa mzima, usiende kama mshtaki. Huko vilimani karibu kila kaunti kuna vikundi vya wakazi vinaleta mashine ya kusagia matawi, mtu anayepewa mashine na vijana wa kubeba anakata haraka kuliko anayepewa barua. Ukimwambia kivuli abaki nacho, miti mikubwa ibaki, wakate tu vya chini na matawi ya karibu na ardhi ili moto usipate ngazi ya kupandia, wengi wanalegea hapo.

Na futi 100 zisikutishe, anza ukutani kwenda nje. Nyumba nyingi haziungui kwa ukuta wa moto unaokuja, zinaungua kwa makaa yanayoruka mbele, yanaweza kuruka zaidi ya maili moja, yanatua kwenye sindano kavu za msonobari ndani ya mfereji wa paa, au yanaingia kwenye matundu ya hewa ya dari nyumba inawakia ndani wakati miti nje bado kijani. Nimeona mitaa ya hivyo, nyumba jivu, mti wa mbele umesimama na majani yake. Kwa hiyo futi 5 za kwanza toa kila kinachowaka, maua makavu, maganda ya miti, kapeti la mlangoni la nyuzi, kuni ulizopanga ukutani, weka kokoto. Matundu ya hewa weka wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi 1/8 ya inchi, ule wa zamani wa 1/4 makaa yanapita. Hiyo ni Jumamosi mbili za kazi na sio hela nyingi.

Kingine, jiandikishe tahadhari za kaunti yako, sio Watch Duty peke yake, vyote viwili. Siku ya tahadhari ya bendera nyekundu, yaani watu wa hali ya hewa wametangaza hatari kubwa ya moto, gari liangalie barabarani, tangi limejaa, usisubiri amri kama una watoto. Barabara yenu kama ni moja ya kuingilia na kutokea ondokeni mapema zaidi.

BintiPwani

Mzee barabara ni moja. Na kuni zimepangwa ukutani kweli, ziko chini ya veranda ya mbao. Nazihamisha leo. Fensi yetu nayo ni ya mbao, imeshika kwenye kona ya nyumba kama alivyosema Milima, kuing'oa yote hatuwezi sasa hivi, tufanyeje?

MzeeWaJembe

Usiing'oe yote. Kata zile futi 5 zinazogusa nyumba, hapo weka geti la chuma au kipande cha fensi ya chuma, halafu chini ya fensi iliyobaki zoa majani yaliyojikusanya kwenye nguzo, hasa upande upepo unakotokea. Na kuni zipeleke angalau futi 30, upande wa juu wa mteremko au wa pembeni, usiziweke chini ya nyumba kwenye mteremko maana moto unapanda.

Milima_CO

Na ukikuta nguzo ya fensi imeoza katikati ile ing'oe kabisa. Mbao iliyooza inashika kaa moja tu na inafuka usiku mzima bila mtu kujua.